Jua halina ghala: jinsi nishati mbadala zinavyofanya kazi na zinapokwama

Ukisoma leo kwamba kituo kipya cha sola kina uwezo wa megawati 100, na kesho ukasoma kwamba kituo cha jotoardhi nacho kina megawati 100, ni rahisi kudhani vituo hivyo viko sawa. Haviko sawa hata kidogo. Megawati hueleza kasi, yaani kiasi cha umeme kinachoweza kutoka kwa wakati mmoja mambo yakiwa mazuri kabisa. Lakini kinachogandisha friji, kinachovuta maji kisimani na kinachoendesha kiwanda ni jumla ya umeme uliotoka tangu asubuhi mpaka asubuhi ya pili. Jumla hiyo hupimwa kwa kilowati-saa, zile tunazoziita uniti.

Mwaka mmoja una saa 8,760. Kituo cha megawati 100 kisichopumzika hata dakika moja kingetoa megawati-saa 876,000. Cha sola hakifiki huko. Usiku hakitoi kitu, asubuhi na jioni kinatoa kidogo, wingu likipita kinashuka. Kwa kawaida hupata kati ya asilimia 10 na 25 ya hesabu hiyo, kutegemea kimejengwa wapi. Cha jotoardhi mara nyingi hupita asilimia 75. Tuseme sola imepata asilimia 20 na jotoardhi asilimia 80: kimoja kimetoa megawati-saa 175,200, kingine 700,800. Megawati zilezile 100, lakini umeme umezidiana mara nne.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu naona mabishano mengi kuhusu nishati mbadala huzuka pale watu wanapohesabu kiasi na kusahau saa. Umeme unaokuja saa sita mchana na umeme unaokuja saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa na jiko, si bidhaa moja. Ukilishika hilo, faida na kasoro za kila chanzo zinaanza kueleweka zenyewe.

Akiba ya zamani, kipato cha leo

Makaa ya mawe ni mimea iliyokula jua. Sehemu kubwa ya makaa tunayochimba ilikuwa misitu ya kinamasi takribani miaka milioni 300 iliyopita, ikafukiwa, ikakandamizwa, ikapikwa na joto la ardhini. Kwa maneno mengine ni jua la zamani lililohifadhiwa ghalani. Unalichimba leo, unalirundika uwanjani, na unalichoma usiku wa manane wiki ijayo ukitaka. Dizeli ni hivyohivyo: lita moja imebeba nishati ya kama uniti 10, inakaa kwenye dumu kimya, inakusubiri.

Kuishi kwa makaa na mafuta ni kula akiba aliyoiacha babu. Kuishi kwa jua na upepo ni kuishi kwa kipato cha siku. Kipato hicho hakitaisha leo wala kesho, na huo ndio uzuri wake, ila hakiji kwa ratiba yako.

Na akiba ya babu ina gharama tunayoijua sasa. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi, IPCC, mwaka 2014 lilikusanya tafiti zilizohesabu hewa ukaa tangu uchimbaji wa malighafi mpaka kubomolewa kwa mtambo. Makadirio ya kati yalikuwa hivi: uniti moja ya umeme wa makaa hutoa gramu 820, ya gesi asilia gramu 490, ya sola chini ya gramu 50, ya upepo gramu 11 au 12. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba kasoro zote nitakazozitaja hapa chini, na nitazitaja bila kuficha, kwangu hazigeuzi mwelekeo wa safari. Zinaeleza tu kwa nini safari ni ngumu.

Karibu umeme wote ni kitu kinachozunguka

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba ukipitisha sumaku karibu na waya wa shaba, umeme unatiririka ndani ya waya. Jenereta zote kubwa duniani bado zinafanya kazi hiyohiyo: sumaku inazunguka ndani ya nyaya zilizoviringwa, au nyaya ndani ya sumaku. Kinachobadilika ni nani anayezungusha. Kwenye kituo cha makaa ni mvuke wa maji yaliyochemshwa. Kwenye bwawa ni maji yanayoporomoka. Kwenye mnara wa upepo ni mapanga. Kwenye jotoardhi ni mvuke tena, safari hii umechemshwa na miamba. Gurudumu lile lenye mapanga linalopokea msukumo huo huitwa tabaini.

Paneli ya sola ndiyo pekee katika kundi hili isiyozungusha kitu, na kwa sababu hiyo ndiyo watu wengi huiona kama muujiza.

Ndani ya paneli

Malighafi yake ni silikoni, inayotokana na mchanga wa kwatzi. Silikoni safi haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo hutiwa uchafu kwa makusudi. Tabaka moja hutiwa fosforasi, ambayo huleta elektroni za ziada, yaani zile chembe ndogo zinazobeba umeme. Tabaka lingine hutiwa boroni, ambayo huacha mapengo yenye njaa ya elektroni. Matabaka hayo yanapokutana, kwenye mpaka wao hujengeka uwanja wa umeme wa kudumu, kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Mwanga wa jua ukipiga, unang'oa elektroni kutoka kwenye kiti chake. Mlango ule unaisukuma upande mmoja na kuizuia kurudi ilikotoka. Ukiunganisha waya kati ya pande mbili, elektroni itarudi nyumbani kwa njia ndefu, kupitia taa yako. Hakuna moshi, hakuna kelele, hakuna grisi.

Kipande cha kwanza cha silikoni chenye manufaa kilionyeshwa na maabara za Bell, Marekani, mwaka 1954. Kiligeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme, na miaka minne baadaye paneli ndogo za aina hiyo zilikuwa angani kwenye setilaiti ya Vanguard 1. Paneli za kawaida sokoni leo hugeuza asilimia 20 na ushei. Haziwezi kupanda bila kikomo. Mwanga dhaifu unapita bila kung'oa elektroni yoyote, na mwanga wenye nguvu kupita kiasi unaing'oa lakini ziada yake inapotea kama joto. Kwa kipande cha silikoni peke yake, maumbile yenyewe yameweka dari karibu na theluthi moja.

Mchana wa jua kali, mita moja ya mraba ya ardhi hupokea kama wati 1,000. Kwa hiyo paneli ya ukubwa huo itakupa kama wati 200. Hapa huja jambo linalowashangaza wengi: paneli inapenda mwanga, haipendi joto. Kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25 huipunguzia kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Paneli iliyolala juu ya bati ikafika nyuzi 65 imepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana fundi makini huacha nafasi ya hewa chini yake, na kama unaweka za nyumbani, mdai nafasi hiyo.

Kivuli nacho ni adui mkubwa kuliko kinavyoonekana. Vipande vya paneli vimeunganishwa kwa mfuatano, mkondo mmoja ukipita kwenye vyote, hivyo tawi moja la mti likifunika pembe ndogo linaweza kuangusha uzalishaji wa sehemu kubwa ya paneli. Watengenezaji huweka diodi za kuupitisha mkondo pembeni ya vipande vilivyofunikwa, lakini hasara haiishi yote.

Kilichobadilisha historia ya sola ni bei. Kati ya mwaka 2010 na 2020 bei ya paneli ilishuka kwa karibu asilimia 90, na mahali penye jua la kutosha umeme wake sasa ni miongoni mwa umeme wa bei nafuu zaidi kupata kujengwa. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kazi ya kuzitengeneza iko China, na nchi inayonunua vifaa vyake vyote mahali pamoja inapaswa kulifikiria hilo kwa uzito uleule inaoufikiria mafuta.

Iko sola ya namna nyingine isiyotumia silikoni kabisa. Huko Ouarzazate, Moroko, vioo vingi hukusanya miale na kuielekeza pamoja, joto linayeyusha chumvi, chumvi hiyo moto huwekwa kwenye matangi makubwa, na jua likizama huchemsha maji ya kuzungusha tabaini kwa saa kadhaa. Ni ghali kuliko paneli, na inahitaji anga safi isiyo na mawingu, lakini tazama ilichofanya: imelijengea jua ghala.

Upepo na hesabu yake kali

Mtu akikuambia kwamba mahali fulani kuna upepo, muulize mita ngapi kwa sekunde. Nguvu iliyomo kwenye upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, kutoka mita 6 hadi 12 kwa sekunde, nguvu inakuwa mara nane. Kwa hiyo kilima chenye upepo wa mita 8 na bonde lenye upepo wa mita 5 ni dunia mbili tofauti kibiashara, ingawa mtu aliyesimama hapo huenda asihisi tofauti kubwa. Urefu wa mapanga nao una hesabu yake: ukiurefusha mara mbili, eneo linalofagiliwa linakuwa mara nne. Ndiyo sababu minara inazidi kuwa mirefu na mapanga yanazidi urefu wa bawa la ndege kubwa ya abiria.

Mashine ya upepo haiwezi kuuchukua upepo wote. Ingeuchukua wote, hewa ingesimama nyuma yake na kuziba njia. Mjerumani Albert Betz alikokotoa, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba kiwango cha juu kabisa ni asilimia 59.3. Kwa vitendo mapanga huanza kuzunguka upepo ukifika mita 3 au 4 kwa sekunde, na ukikaribia 25 hujifunga yenyewe yasivunjike. Yaani upepo mdogo ni hasara, na dhoruba pia ni hasara.

Denmark ilijenga kituo cha kwanza cha upepo baharini, Vindeby, mwaka 1991, kikiwa na mashine 11. Leo nchi hiyo hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kutokana na upepo. Malalamiko dhidi ya mashine hizi ni ya kweli: kelele kwa majirani wa karibu, ndege na popo wanaogongwa, sura ya nchi kubadilika. Na kuna tatizo la mapanga yaliyozeeka. Yametengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, na kuzitenganisha ili zitumike tena ni kazi ghali, kwa hiyo mengi yameishia kufukiwa ardhini.

Maji, yaliyokuja na ghala lake

Bwawa ndilo mkongwe wa kundi hili, na bado linatoa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote kisichochoma kitu. Uzuri wake mkubwa uko kwenye ziwa lililo nyuma ya ukuta. Maji yakisubiri, nishati inasubiri. Mwendeshaji akihitaji umeme anafungua lango, na ndani ya dakika chache tabaini zinanguruma. Hakuna jua wala upepo unaotii hivyo.

Lakini hakuna nishati safi iliyowahi kutesa watu kama bwawa. Three Gorges, kwenye mto Yangtze nchini China, lina megawati 22,500, kubwa kuliko mtambo mwingine wowote wa umeme, na zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kupisha ujenzi wake. Mwezi Agosti 1975, katika nchi hiyohiyo, bwawa la Banqiao lilipasuka baada ya mvua za kimbunga, na makumi ya maelfu ya watu wakafa kwa mafuriko na yaliyofuata. Tunapozungumza juu ya hatari za nishati, kwa kawaida akili hukimbilia nyuklia. Majina ya Chernobyl na Fukushima tunayajua wote. Banqiao hatulijui, na naona hilo si haki kwa waliokufa.

Kisha kuna ukame. Kariba, bwawa la Zambezi linalotumiwa na Zambia na Zimbabwe, limeshuhudia miaka ya karibuni maji yakipungua mpaka mitambo ikakaribia kusimama, na mamilioni ya watu kukaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Nchi iliyoweka mayai yake yote kwenye mto mmoja hugundua kwamba ghala nalo linaweza kuwa tupu. Vilevile, mimea iliyofunikwa na ziwa huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto, hasa kwenye mabwawa mapana yenye kina kifupi katika maeneo ya joto.

Joto la chini, na vinavyooza

Jotoardhi ningelipenda kuliko vyote kama lingepatikana kila mahali. Mwaka 1904, huko Larderello, Italia, Piero Ginori Conti aliwasha taa chache kwa mvuke uliotoka ardhini, na eneo hilo linazalisha umeme mpaka leo. Kinachohitajika ni mwamba moto usio mbali sana, maji, na nyufa za kuyapitisha. Vitu hivyo vitatu hukutana zaidi kwenye mipasuko ya ganda la dunia: Iceland, Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, Indonesia, Ufilipino. Hufanya kazi usiku na mchana, masika na kiangazi. Shida ni kwamba unachimba kisima cha kilomita mbili au tatu kwa fedha nyingi kabla ya kujua kama kuna mvuke wa kutosha. Na pale watu walipojaribu kulazimisha, kwa kusukuma maji kwenye miamba mikavu, ardhi iliwahi kujibu: mradi wa Basel, Uswisi, ulisimamishwa baada ya tetemeko la kipimo cha 3.4 mwaka 2006.

Kuni, mabaki ya mazao na biogesi ni jua lenye ghala dogo. Biogesi kutokana na samadi au taka za chakula ina hoja nzuri sana, maana methani hiyo ingetoka hata hivyo, na kinachobaki ni mbolea. Mazao yaliyolimwa makusudi ili yachomwe au yageuzwe ethanoli ni habari nyingine. Mmea haugeuzi hata asilimia chache za jua kuwa nishati, kwa hiyo ekari moja ya paneli huizidi ekari ya mahindi kwa mbali mno, na mahindi yale yangeweza kuliwa. Umeme wa maji kupwa na kujaa upo, kituo cha La Rance nchini Ufaransa kimefanya kazi tangu 1966, na mwezi haukosei ratiba. Lakini fukwe zinazofaa ni chache, na chumvi ya bahari inakula chuma.

Gridi na sekunde zake

Gridi, yaani mtandao wa nyaya unaosambaza umeme, haina mfuko wa kuuweka. Kinachozalishwa sekunde hii lazima kitumike sekunde hii. Nchi nyingi huendesha mitambo yake kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Matumizi yakizidi uzalishaji, jenereta zote huanza kupungua mwendo kwa pamoja, na zikishuka sana mitambo hujizima ili kujiokoa. Jenereta nzito za mvuke na maji husaidia kwa uzito wao, maana chuma cha tani nyingi kinachozunguka hakisimami ghafla, hivyo waendeshaji hupata sekunde chache za kujipanga. Paneli hazina uzito huo. Umeme wake wa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, hupitia inveta, kifaa cha kuugeuza uwe wa kwenda na kurudi kama wa gridi, ndipo uingie gridini. Inveta za kisasa zinaweza kufundishwa kuiga tabia ya uzito ule, lakini nyingi zilizokwisha kufungwa hazifanyi hivyo.

Sola ikishakuwa nyingi, tatizo linageuka. Saa saba mchana umeme unafurika mpaka paneli nyingine zinazimwa kwa amri. Saa chache baadaye jua linaanza kulala, watu wanarudi nyumbani, na vituo vingine vinatakiwa kupanda mbio kufidia.

Kulijengea jua ghala

Hapa ndipo kazi kubwa iliyobaki ilipo. Njia ya zamani zaidi ni kusukuma maji mlimani wakati umeme umezidi, kisha kuyaachia yateremke ukihitajika. Unarudishiwa kama robo tatu ya ulichotumia au zaidi kidogo, na bado ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya akiba ya umeme duniani. Ila angalia ukubwa wake: tani moja ya maji iliyopandishwa mita 100 imebeba kama robo uniti tu. Ile lita moja ya dizeli ni sawa na tani 37 za maji juu ya kilima hicho. Hata tukikubali kwamba jenereta ya dizeli hupoteza theluthi mbili kama joto, unaona kwa nini akiba ya babu ilikuwa tamu.

Betri za lithiamu hurudisha karibu asilimia 90 na hujibu papo hapo. Mwaka 2017 Tesla ilijenga betri ya Hornsdale, Australia Kusini, yenye megawati 100 na megawati-saa 129. Rudi kwenye somo letu la mwanzo uisome namba hiyo: ikitoa kwa nguvu zote, inaisha baada ya saa moja na robo. Ilifaa sana kwa zile sekunde na dakika za gridi. Tangu hapo bei zimeshuka, na betri za saa nne zinazovusha jua la mchana mpaka usiku zimekuwa jambo la kawaida. Kasoro yake ni kobalti, madini yanayotumika kwenye nyingi ya betri hizi: sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, ambako wapo wachimbaji wadogo, hata watoto, wanaoingia mashimoni kwa mikono mitupu. Betri za lithiamu za aina ya chuma na fosfati hazitumii kobalti kabisa, nami nafurahi kwamba ndizo zinazoongoza sasa kwenye vituo vya umeme.

Kuvusha mchana mpaka usiku, basi, tumeshajua. Kuvusha majira ya joto mpaka majira ya baridi, huko kaskazini ambako Desemba jua huchungulia tu na upepo unaweza kutulia wiki nzima, betri haiwezi kwa gharama yoyote inayolipika. Hidrojeni inajaribiwa: unapasua maji kwa umeme, unahifadhi gesi, unaigeuza umeme tena baadaye, na unabaki na kama theluthi moja ya ulichoanza nacho. Norway imejaliwa milima na mabwawa ya kutosha kuhifadhi zaidi ya nusu ya umeme inaoutumia kwa mwaka. Upepo ukivuma Denmark, Norway hufunga malango na kununua kupitia nyaya za chini ya bahari; ukitulia, hufungua na kuuza. Nchi chache zina jirani wa namna hiyo. Kwa zilizobaki, akiba ya miezi ingali kwenye matangi ya gesi na marundo ya makaa.